Koti la Kuvaa Redioni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mlali. Upepo mkali. Vumbi mpaka ndani ya chungu cha mboga.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilisoma elimu ya watu wazima miaka miwili. Mwaka wa tatu mwalimu alihama. Nadhani aliona hana cha kuniongezea.

Sasa habari. Mtendaji wa kijiji amekuja na pikipiki asubuhi. Redio moja ya Dodoma mjini inaanzisha kipindi cha wazee. Wanataka kujua mzee anavaaje siku za kawaida, anapenda muziki gani, na nyimbo zake anazitoa wapi. Wanatafuta mpiga zeze mmoja. Wimbo wake utafungua kipindi kila siku saa moja asubuhi. Kila siku! Watu wanakunywa uji, mimi. Watu wanapiga mswaki, mimi. Mkuu wa wilaya anafunga viatu, mimi!

Mtendaji amepeleka majina mawili. Langu, Sila Chidumizi, na la shemeji Bartolomayo. Mtangazaji ni binti anaitwa Naima. Atakuja Jumamosi ya tarehe 16, hapa hapa uani kwangu. Atatusikiliza wote wawili, atachagua mmoja.

Bartolomayo ni kaka wa mke wangu Raheli. Anapiga zeze, sikatai. Lakini ana suti moja ya Kaunda, ya kijivu, tangu mwaka 1988. Ameoza mabinti watatu, suti ile ile. Amezika baba yake, suti ile ile. Mtu wa hivyo atafunguaje kipindi?

Nimepita kwenye kibanda cha kuchaji simu, nikawatangazia waliokuwepo kwamba nimechaguliwa. Najua bado siku kumi na mbili. Lakini jambo lililo wazi linasubiriwa la nini? Wamenipongeza. Mmoja akauliza, na Bartolomayo? Nikasema atasikiliza kama wengine.

Raheli aliposikia alicheka. Kisha akauliza, wakimchagua kaka yake, mimi nitakuwa nachajia simu wapi?

Swali la hovyo. Ila nimelifikiria mchana kutwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Kongwa, dukani kwa Praful. Baba yake ndiye aliyeniuzia suruali ya harusi. Praful mwenyewe nimemwona akiwa wa kubebwa. Akanipa shikamoo vizuri, akaniwekea kiti.

Nikaona kitambaa. Lo! Kizito, cha bluu, manyoya manyoya ukikipapasa. Maua mekundu makubwa kama sahani, na majani ya dhahabu. Nikasema hiki hiki, nishone koti.

Praful akasema, babu, hicho ni cha makochi.

Nikamwambia mimi nimeshika vitambaa yeye hajazaliwa.

Akarudia, polepole, kama anasema na mgonjwa. Watu wanafunikia makochi, babu. Sebuleni.

Nikasema ndiyo maana yake! Mtu anaweka sebuleni kitu gani? Kizuri. Ili nani akione? Mgeni. Basi mimi nina mgeni.

Akamtazama fundi Uwesu, anayeshonea pale barazani kwa duka. Uwesu akatazama bati. Alipoanza tu kujaribu kitambaa, sindano ikavunjika. Akaweka nyingine, ikavunjika. Nikamwambia aone mwenyewe kwamba hicho ni kitambaa cha wanaume. Tumekubaliana koti refu la magotini, vifungo sita.

Akauliza nitalivaa wapi. Nikasema redioni. Uwesu akauliza kama siku hizi mtu wa redioni anaonekana.

Watu wengine hawana upeo. Nimemweleza kwamba sauti ya mtu aliyevaa vizuri inasikika. Inatoka na kifua. Sauti ya mtu mwenye suti ya mwaka 1988 inatoka na nini? Na vumbi.

Akasema haya babu, nyoosha mkono nikupime.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nusu ya kijiji wamekwenda kwenye viwanja vya maonyesho kutazama ng'ombe wa watu. Mimi nimebaki kufikiri.

Kuna lile swali la nyimbo ninazitoa wapi. Zito.

Ukweli uko hivi, na ubaki humu daftarini. Wimbo wangu mkubwa ni wa ng'ombe mweupe. Niliupata mwaka 1981. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba na zeze, sina hili wala lile. Raheli anatwanga uwele. Alikuwa na mwendo wake na ule mchi. Viwili vizito, kimoja chepesi. Viwili vizito, kimoja chepesi. Zeze likaanza kuufuata, mimi nikalifuata zeze. Jua lilipozama wimbo ulikuwa umekamilika.

Lakini uiambie redio kwamba kipaji chako kimetoka kwenye kinu cha mkeo? Hapana!

Kwa hiyo nimetunga habari ya chui. Nilikuwa milimani Kibakwe peke yangu. Chui akatokea juu ya jiwe. Tukatazamana. Akapumua, na pumzi yake ndiyo huo wimbo. Nikateremka nao.

Nimemjaribia Raheli. Akauliza Kibakwe nilifuata nini. Nikasema kuwinda. Akaacha ufagio, akakaa chini kabisa. Akasema anamkumbuka mwanamume mmoja, mwaka ule ule, alifukuzwa na mbwa wa mchungaji akaacha kiatu kimoja njiani na kingine akakitupa mwenyewe ili awe mwepesi.

Mbwa yule alikuwa mkubwa sana. Watu wanasahau hilo.

Jioni jambo la pili. Nimekutana na Bartolomayo kisimani. Nikamsalimu mbukwa, vizuri kabisa, kama ndugu. Kisha kwa sauti ya masikitiko nikamwambia yule binti wa redio amehamisha siku. Haji tena Jumamosi. Ni Jumapili ya tarehe 17.

Akasema haya.

Hilo tu. Haya! Akabeba ndoo yake akaondoka. Kumshinda huyu ni kama kumwonea.

Jumamosi, 9 Agosti

Bartolomayo kaja asubuhi na mapema. Amebeba kifurushi cha karanga. Amekaa, ametazama chini, amekohoa. Nikajua mambo yameharibika.

Ni mtu wa maneno machache, leo kajitahidi. Kasema jana alikwenda kwa mtendaji, akapewa namba ya Naima, akampigia. Siku haijahamishwa. Kisha akanishika bega. Kasema, shemeji, huyo aliyekwambia Jumapili amekudanganya. Kuna mtu hakutakii mema. Angalia sana watu unaokaa nao.

Kanihurumia! Mimi! Kaniachia na karanga.

Raheli amekula zile karanga huku ananitazama. Punje moja moja.

Jumatatu, 11 Agosti

Suala la muziki. Ukimuuliza mpiga zeze anapenda muziki gani, atasema zeze. Bartolomayo atasema hivyo hivyo. Binti wa mjini atachoka. Lazima nimshtue.

Pale kwenye kibanda cha kuchaji simu wanapiga singeli tangu asubuhi mpaka wanafunga. Muziki wa mbio. Mwimbaji anasema kama mtu aliyeibiwa. Nimeamua. Nitasema mimi ni mtu wa singeli.

Nimekaa pale saa tatu nikijifunza. Watu walidhani simu yangu ina betri mbovu. Ukweli mimi napenda kwaya ya zamani, ile ya sauti nne bila kinanda, na muziki wa dansi wenye saksafoni. Lakini kipenzi cha mtu ni siri yake. Redioni unasema kitakachokupeleka mbele.

Nimerudi, nimefunga mlango, nimejaribu kuicheza. Mwanzo ilikwenda. Magoti yalikubali. Halafu kiuno kikashika. Kikabaki pale pale, upande.

Raheli kanikanda na maji ya moto. Kauliza nilikuwa nanyanyua nini. Nikasema gunia. Kauliza gunia gani. Nikasema la alizeti. Kasema alizeti tuliuza mwezi uliopita.

Mwanamke huyu angefaa kazi ya mahakamani.

Jumatano, 13 Agosti

Koti tayari!

Sijui niandike nini. Ungeliona. Limesimama lenyewe! Uwesu alipoliweka chini halikuanguka. Vifungo sita vya dhahabu. Ua moja limekaa kifuani hasa, jingine mgongoni, kubwa, kama mwezi. Kwa mabaki kanishonea kofia. Praful alitoka nje ya duka, akalitazama koti kwa muda, akaniomba picha. Hakusema ya nini. Nadhani atabandika dukani.

Nimelivaa tangu Kongwa. Joto, sikatai. Lakini mtu mwenye mtindo hasemi joto.

Hapa Mlali nimepita kwa makusudi penye mashine ya kusaga, maana wanawake huwa wengi pale. Wote wamesimama. Mwenye mashine akazima injini ili anisalimie vizuri. Kisha akauliza kama lile la kukalia watu watatu nimeliacha nyumbani.

Kicheko cha pale kimesikika mpaka shuleni. Mimi nimetabasamu tu. Wivu una sura nyingi.

Nikakutana na Bartolomayo. Kanitazama kutoka chini mpaka kofia, kutoka kofia mpaka chini. Kashika upindo, kausugua kwa vidole. Kasema, imara hii.

Ameshtuka. Amejua yameisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho!

Nimelitoa zeze ukutani nikaliweka juu ya koti. Aibu. Koti linang'aa, zeze limefifia. Kibuyu kimejaa moshi wa jikoni. Ngozi yake imekuwa rangi ya ugali wa jana. Hata nyuzi, ambazo ni waya wa breki ya baiskeli na nilizikaza mwenyewe mwaka juzi, zimepauka. Mgeni ataona nini?

Nimechukua kikombe cha mafuta ya alizeti, yale tuliyokamua wenyewe. Nimepaka kibuyu. Kikawaka! Nimepaka shingo na vigingi. Vikawaka. Mafuta yamebaki kikombeni, siyo vizuri kumwaga. Nikachukua uta, ule wa kupigia, nikaupaka mti wake na nyuzi zake za katani zote, taratibu, mpaka zikalala kama nywele za bibi harusi.

Raheli alikuwa pembeni anapepeta mtama. Kasema, bila kuinua kichwa, kwamba baba yake alikuwa anausugua uta kwa utomvu wa mti, ule mkavu, ili ushikane na nyuzi. Mafuta hajawahi kumwona akipaka.

Nimeweka kikombe chini. Nimemkumbusha jambo ambalo kila Mgogo analijua tangu anatambaa. Kwetu ngoma ni ya wanawake, zeze ni la wanaume. Mimi naona yeye na wenzake wanavyobana ngoma mapajani na kupiga, je, nimewahi kumwambia aikaze ngozi wapi? Aiweke juani saa ngapi? Sijawahi. Basi na yeye aniachie zeze langu.

Kasema haya.

Hii haya ni ya ukoo wao.

Sijalijaribu zeze. Fundi hajaribu. Isitoshe lingechafuka.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkono umechoka lakini leo lazima niandike yote.

Naima kafika saa nne na gari jekundu kwa vumbi. Binti mdogo, mchangamfu, ushungi wa kijani, masikioni vile vikombe vya kusikilizia. Kapiga shikamoo kwa kila mzee, hakuruka hata mmoja. Kajaribu na salamu yetu ya mbukwenyi, watu wakampigia makofi.

Uani kumejaa! Wa mashine ya kusaga wamekuja. Wa kibanda cha kuchaji wamefunga kibanda, wamekuja. Na wanawake wa kikundi cha ngoma cha Raheli wamekuja, watano pamoja na yeye, na ngoma zao. Nikauliza ngoma za nini. Raheli kasema za kumpokea mgeni tu.

Akaanza Bartolomayo. Suti ile ile.

Naima kamuuliza anavaa nini siku za kawaida. Kasema, nguo. Naima kacheka, kauliza hii ya leo anayo tangu lini. Kasema, themanini na nane. Anapenda muziki gani? Zeze. Nyimbo anazitoa wapi? Kichwani.

Basi! Mahojiano yote hayakufika urefu wa kupika chai. Moyo wangu ulicheza. Nikamkonyeza Raheli. Hakuniona, au alijifanya.

Kisha Bartolomayo akapiga. Sitaki kuandika sana. Watu walinyamaza. Mbuzi walinyamaza. Alipiga vizuri. Nimeandika, tusirudie.

Zamu yangu. Nikatoka ndani na koti.

Naima kasimama. Kaweka mkono mdomoni. Kauliza kama hii ndiyo nguo ya kila siku. Nikasema ndiyo, hata shambani. Nikaeleza kitambaa, vifungo, mawazo yangu juu ya ua la mgongoni. Nimesema muda mrefu. Jasho lilianza kichwani likafika viatuni. Naima kasema kwa upole, babu, unaweza kulivua tu, huku ni redio. Nikamwambia mwili wangu umezoea.

Muziki? Singeli!

Hapo alifurahi hasa. Kasema hajawahi kupata mzee wa singeli. Katoa simu, kafungulia, kasema, babu tuonyeshe kidogo. Sikuwa nimepanga hilo. Lakini watu wote wale! Nimeonyesha. Nadhani ilikuwa dakika nzima. Kiuno kikashika upande ule ule. Nimemalizia nikiwa nimeshikilia nguzo ya banda la kuku, na watu wakadhani ndivyo inavyoishia. Wamepiga makofi.

Nyimbo nazitoa wapi? Nikamtoa chui. Nilipoona Naima ametoa macho, nikaongeza wa pili. Raheli kakohoa. Nikaongeza mtoto wa chui. Raheli kakohoa mpaka wakamletea maji.

Kisha Naima kasema, sasa tusikie zeze.

Nimekaa. Nimeweka zeze begani. Linang'aa, watu wamesema aaah. Nikainua uta. Nikavuta.

Kimya.

Nikavuta tena. Uta unateleza tu, huku na huku, kama mtu anavuta kamba juu ya maji. Hakuna hata mkwaruzo. Naima kasogeza kinasa sauti karibu. Nikavuta. Kimya. Kagongagonga vile vikombe vya masikioni. Kasema samahani babu, mashine yangu ina tatizo. Kabadilisha betri. Nikamwacha. Nikasema vifaa vya siku hizi si imara.

Betri mpya. Nikavuta. Kimya.

Bartolomayo kasimama. Kaja taratibu. Kagusa uta kwa kidole, kanusa kidole.

Kasema, alizeti.

Uani kulilipuka! Mwenye mashine ya kusaga alilala chini, kweli, chini kabisa, kwenye vumbi. Nikawaona wale wa kibanda cha simu, wote, wale niliowaambia nimechaguliwa. Nikaona njia yote kutoka hapa mpaka kwenye kibanda, na jinsi nitakavyopita hapo mpaka siku ya kufa.

Sikuwa na la kufanya. Nikafumba macho. Nikafungua mdomo.

Nzii! Nzi-nzi-nziii!

Nimelipiga zeze kwa mdomo. Wimbo wa ng'ombe mweupe, tangu mwanzo. Mkono bado unavuta uta, mdomo unalia. Peke yangu. Nikasema moyoni, Sila, umekwisha, lakini malizia.

Ndipo nikasikia nyuma yangu. Viwili vizito, kimoja chepesi.

Nikadhani ni kichwa changu. Viwili vizito, kimoja chepesi. Nikafumbua macho. Raheli yuko katikati ya ua, amebana ngoma mapajani, anapiga. Ule ule mwendo wa mchi! Hakukosea hata kimoja. Ananitazama na ametulia kabisa.

Kumbe alikuwa anajua wimbo umetoka wapi. Miaka arobaini na minne anajua, kanyamaza.

Wenzake wakaingia. Ngoma tano! Ardhi ikatetemeka. Vigelegele. Bartolomayo kachukua zeze lake, lililokauka, lisilong'aa, akaingia chini ya sauti yangu, tukaenda pamoja, yeye kwa nyuzi mimi kwa mdomo, na wale wa kibanda cha simu wakarusha mabega mpaka vumbi likatuficha. Naima kainua kinasa sauti juu ya kichwa, anacheka na machozi yanamtoka. Koti limepasuka kwapa. Nikalitupa juu ya banda la kuku. Upepo! Loo, upepo ulivyokuwa mtamu!

Tumeimba wimbo mara nne. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Baadaye tumekula ugali wa uwele na mlenda, na jogoo wawili. Naima kamuuliza Raheli kama aliwahi kumwona yule chui. Raheli kasema chui hamjui, ila kinu bado kipo, kama anataka kukipiga picha.

Wakaenda wakakipiga picha.

Leo nilifurahi. Naandika tu, ili isipotee.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka na akili safi. Nimeona kwamba mambo yote yalikwenda kama nilivyopanga. Mtu wa kawaida angepiga zeze. Mimi nikaona mbali, nikalinyamazisha ili mdomo usikike.

Kanisani watu watatu wamenisalimia nzii. Mzee wa kanisa mmoja pia, lakini kwa heshima.

Nimemweleza Bartolomayo kuhusu mpango wangu. Kasema haya.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo kipindi kimeanza. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshakaa kwenye kibanda cha kuchaji simu, kiti cha mbele. Wamefungulia redio mpaka mwisho. Raheli kakataa kuja, kasema ana kazi, atasikia kwa jirani.

Saa moja kamili. Viwili vizito, kimoja chepesi! Ngoma! Halafu zeze. Halafu, nzi-nzi-nziii! Mimi! Wilaya nzima, mimi! Watu wakanirukia, mmoja akamwaga chai yangu. Nikasema sikuwaambia?

Kisha Naima akatangaza. Hao ni akina mama wa Mlali wakiongozwa na Mama Raheli, mwenye wimbo. Zeze limepigwa na mzee Bartolomayo. Na sauti ni ya mzee aliyekuwa karibu.

Aliyekuwa karibu!

Nimewaeleza watu pale kwamba redioni wale wakubwa hawatajwi ovyo, kwa usalama. Wamekubali. Naona wamekubali.

Ikafuata sehemu ya mavazi. Nikawaambia nyamazeni. Naima kasema kuna mzee Mlali mwenye mtindo usioyumba, suti moja ya Kaunda tangu mwaka 1988, na kwamba binafsi hajapata kuona mtu aliyejijua hivyo. Akarudia. Aliyejijua hivyo. Koti langu hakulitaja. Nadhani lilimzidi maneno.

Bartolomayo alikuwa amesimama nyuma kabisa, mlangoni. Watu wote wakageuka kumtazama. Akajitazama suti. Nadhani ni mara ya kwanza anaitazama tangu ainunue.

Nimempa mkono. Niseme nini? Mkono nimempa.

Alhamisi, 28 Agosti

Naima amepiga simu. Kwa simu yangu! Kanisalimia vizuri, kaniuliza kiuno. Nikamwambia niko tayari kwa lolote. Kasema vizuri babu, naomba Mama Raheli.

Wamesema kwa muda mrefu. Raheli anaitikia tu, ee, ee, haya. Nimekaa karibu, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Sikuwa na viatu.

Redio wanawataka Dodoma wiki ijayo, studio, warekodi vizuri. Ngoma tano na zeze moja. Watatumiwa gari. Watu sita, nafasi sita. Nimehesabu mara mbili. Raheli na wenzake wanne, na Bartolomayo. Nikauliza, na sauti? Raheli kasema sauti wanayo tayari, waliinasa siku ile, na Naima amesema haiwezi kurudiwa.

Haiwezi kurudiwa! Hiyo ni sifa kubwa. Lakini haina kiti kwenye gari.

Nimetoka nimetembea mpaka kisimani na kurudi. Hali ilikuwa mbaya. Kisha njiani nikamkuta Ruthu, mpiga ngoma wa tano, amekaa kwenye jiwe. Goti limevimba. Kasema hata kusimama na ngoma hawezi, anafikiri atamwambia Raheli kwamba yeye hataweza kwenda.

Nilimpa pole. Pole nyingi sana. Nikambebea ndoo mpaka kwake.

Ngoma ni ya wanawake, ndiyo, tangu enzi za mababu. Lakini mababu walikuwa na redio? Hawakuwa nayo. Kwa hiyo hatujui wangesema nini. Na mtu aliyeweza kupiga zeze bila zeze atashindwaje kubana ngoma mapajani na kupiga viwili vizito kimoja chepesi? Nimefanya mazoezi na ndoo nyuma ya nyumba. Nimekosea kidogo tu, na kosa lilikuwa la ndoo.

Nimemweleza Raheli. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kisha kakaa chini, kacheka amekaa. Hakusema hapana. Kusema ukweli hajaweza bado kusema chochote.

Pale kwenye kibanda cha simu nimeshawaambia kwamba Dodoma wananisubiri. Sikutaja nitapiga nini.

Limebaki jambo moja. Wapiga ngoma wote wanavaa gauni la sare, kitenge cha njano chenye mistari, na lililobaki ni la Ruthu. Nimelijaribu. Kifuani linapwaya, mabegani linabana. Lakini ile njano, jamani, imenikubali.